Mgawo, gramu 100 au pakiti nzima: ufuate namba ipi kwenye lebo ya chakula

Mama yangu alikuja kutoka Arua kukaa nasi Kampala kwa ajili ya kliniki yake ya sukari. Ni mtu makini: huvaa miwani, hugeuza pakiti, husoma. Asubuhi moja nilimkuta mezani na chai ya rangi isiyotiwa kitu, na kando yake karatasi ya biskuti imebaki na chenga tu. "Hizi hazina neno, mwanangu," akaniambia. "Wameandika sukari gramu sita."

Nikaichukua ile karatasi. Sita ilikuwepo, kwa wino mzito. Juu yake, kwa herufi ndogo za kukaza macho, waliandika kwamba hesabu ni ya biskuti mbili, gramu 25, na kwamba pakiti ya gramu 150 ina migawo sita, yaani vipimo sita vya kuliwa kwa mara moja. Sita mara sita. Mama alikuwa amekula sukari gramu 36, sawa na vijiko tisa vya chai, huku amejinyima hata kijiko kimoja ndani ya kikombe. Hakuna namba ya uongo kwenye pakiti ile, na hilo ndilo lililoniuma.

Tangu siku hiyo nasoma lebo kwa namna nyingine. Naandika hapa nilichojifunza kwa ajili ya yeyote anayenunulia nyumba yenye mgonjwa wa sukari au wa presha, au yenye watoto. Kwenye rafu moja ya supamaketi yetu zinasimama bidhaa za Kenya, India, Emirati, Uturuki, Uingereza na Marekani pamoja na za viwanda vyetu wenyewe, na kila moja inahesabu kwa desturi yake. Ukizilinganisha bila kujua desturi hizo, jicho litachagua vibaya.

Mgawo umetoka wapi

Wengi hudhani mgawo ni ushauri, kwamba mtaalamu fulani amesema kiasi hiki kinakufaa. Sivyo. Marekani, ambako desturi hii imekomaa, sheria ya mwaka 1990 ndiyo iliyolazimisha lebo za virutubishi, na kanuni zilizofuata mwaka 1993 zilitaka mgawo uonyeshe kiasi ambacho watu wamezoea kula. Mazoea hayo yalichukuliwa kwenye tafiti za ulaji za miaka ya 1977–78 na 1987–88. Chupa zikakua, bakuli zikapanuka, mgawo ukabaki palepale. Mwaka 2016 mamlaka yao ya chakula na dawa, FDA, iliurekebisha: soda ikapanda kutoka mililita 240 hadi 360, aiskrimu kutoka nusu kikombe hadi theluthi mbili, na mtindi ukashuka. Kampuni kubwa zilipewa hadi Januari 2020 kubadilisha lebo, ndogo hadi Januari 2021.

Kanuni hizohizo zinaruhusu sukari iliyo chini ya nusu gramu kwa mgawo iandikwe sifuri. Punje moja ya Tic Tac ina uzito wa gramu 0.49, na mgawo wake ni punje moja. Kwa hiyo pipi ambayo karibu yote ni sukari huandikwa gramu 0. Yapo pia makopo ya mafuta ya kupuliza kwenye kikaango ambayo mgawo wake ni kupuliza kwa robo ya sekunde, na kalori zake zimeandikwa 0, ilhali kilichomo ni mafuta.

Ulaya walishika njia tofauti. Kanuni yao namba 1169 ya mwaka 2011 inadai kila lebo ihesabu kwa gramu 100 au mililita 100, na mgawo ni hiari ya mtengenezaji. Mwongozo wa mwaka 1985 wa Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, ambao nchi nyingi huutazama zinapoandika viwango vyao, nao unaanzia gramu 100, lakini umewaachia mlango wale waliozoea migawo. Kwa hiyo katoni zinazoshushwa Kikuubo, soko la jumla la Kampala, zinakuja na lugha zote hizo. Alama ya Q ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, inakuambia bidhaa imekidhi viwango. Haikuambii kama mgawo ulioandikwa ni mlo wa mtu wa nyumbani kwako, na haikuwekwa kwa kazi hiyo.

Biskuti mbili mkononi

Tuanze na ile ya Mama, kisha tuweke ya pili kando yake. Nazungusha namba kidogo ili hesabu iwe nyepesi.

Ya kwanza inasema: mgawo biskuti 2, gramu 25, sukari gramu 6. Pakiti gramu 150. Ya pili haina mgawo kabisa. Inasema kwa gramu 100 sukari ni gramu 20, na pakiti ni gramu 200. Ukisimama dukani na watoto wanakuvuta nguo, utaona 6 na 20, na utachukua ya 6.

Sasa zilete kwenye kipimo kimoja. Gramu 25 zinaingia mara nne kwenye 100, kwa hiyo ya kwanza ina sukari gramu 24 kwa gramu 100. Ile uliyoiogopa ndiyo yenye sukari kidogo. Hesabu hii haihitaji shule kubwa: mgawo ukiwa gramu 20 zidisha kwa 5, ukiwa 25 kwa 4, ukiwa 50 kwa 2. Ukiwa 30, zidisha kwa 3 kisha ongeza theluthi ya namba uliyoanza nayo. Mgawo wa ajabuajabu, kama gramu 37, unatatuliwa na kikokotoo cha simu: gawa sukari kwa 37, zidisha kwa 100.

Lakini usiharakishe kulipa. Swali la pili ni nyumba yako inalaje biskuti. Nyumbani kwetu pakiti ikifunguliwa na chai ya jioni, watu wawili wanaimaliza. Nusu ya pakiti ya kwanza ni gramu 75, yenye sukari gramu 18. Nusu ya ya pili ni gramu 100, yenye sukari gramu 20. Ile iliyoshinda kwa gramu 100 imeshindwa mezani kwa sababu tu pakiti yake ni kubwa. Ndiyo maana nasema safu ya gramu 100 ni ya kuchagulia bidhaa, na hesabu ya pakiti nzima ni ya kujua kitakachoingia tumboni. Mgawo ninautumia tu pale unapolingana na kitu ninachoweza kukishika: biskuti moja, mkate vipande viwili, yai moja.

Kornfleksi na mizani

Hapa nilifanya jaribio, kwa sababu sikuamini. Nilinunua mizani ndogo ya jikoni ya betri. Nikaweka bakuli letu la kila siku, nikairudisha mizani kwenye sifuri, nikamimina kornfleksi hadi gramu 30, mgawo ulioandikwa kwenye boksi. Zilitanda chini ya bakuli, na maua yaliyochorwa kwenye kitako chake yalikuwa bado yanaonekana katikati. Mwanangu wa miaka tisa alikuwa amekaa na kijiko mkononi, akingoja nimalize kumimina. Nikamwambia, basi jimiminie unavyofanya siku zote. Mizani ikasoma 74.

Chukua sasa maboksi mawili yanayokaa jirani kwenye rafu. La kornfleksi za kawaida lina sukari kama gramu 8 kwa gramu 100. La zile za chokoleti, lenye katuni mbele, gramu 28. Kwa mgawo wa gramu 30 yanasoma 2.4 na 8.4, na mzazi anaweza kusema tofauti ni gramu sita tu, acha mtoto afurahi. Kwa bakuli la mwanangu yanasoma karibu 6 na karibu 21. Tofauti hiyo ni karibu vijiko vinne vya sukari kila asubuhi kabla hajavaa viatu vya shule.

Kuna safu nyingine kwenye maboksi haya ambayo watu huipita: "gramu 30 pamoja na maziwa mililita 125". Safu hiyo ndiyo yenye protini na kalsiamu za kupendeza, na sehemu kubwa ya hizo imetoka kwenye maziwa uliyonunua mwenyewe. Usiilinganishe na safu kavu ya boksi jirani. Kavu kwa kavu, tayari kwa tayari.

Nikiulizwa nichague kifungua kinywa, nitachagua uji wa ulezi au wa mahindi kwenye siku za shule, na kornfleksi za kawaida kwenye siku ya haraka. Uji nao unaweza kuharibiwa kwa sukari, lakini mkono unaoshika kijiko ni wangu na nakihesabu. Zile za chokoleti nimeacha kununua.

Soda, juisi ya boksi na ile ya kuchanganya

Kwa vinywaji mgawo unaumiza zaidi, kwa sababu hakuna anayefungua chupa ya mililita 500 akanywa nusu na kuirudisha. Soda ya kola ya kawaida ina sukari kama gramu 10.6 kwa mililita 100. Lebo inayohesabu kwa mililita 250 itakuonyesha gramu 26 na nusu. Chupa nzima ni gramu 53, zaidi ya vijiko 13. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linataka sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na ya juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na linasema ni vizuri zaidi ikishuka chini ya 5. Kwa anayekula kalori 2,000, asilimia hizo ni kama gramu 50 na gramu 25. Chupa moja ya plastiki ya mchana, ile inayonunuliwa pamoja na rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) kando ya barabara, imepita kikomo cha juu peke yake. Chupa ya kioo ya mililita 300 ina kama gramu 32. Kama ni lazima iwe soda, naichukua ya kioo, na sababu ni kwamba inakwisha mapema.

Juisi ya boksi ina heshima isiyostahili. Hata ile ya matunda matupu huwa na sukari karibu gramu 10 kwa mililita 100, karibu sawa na soda, na boksi la lita moja linaloandika mgawo wa mililita 200 linakaa mezani kati ya watoto watatu likaisha. Ina vitamini ambazo soda haina, hilo ni kweli. Kwa mgonjwa wa sukari sioni tofauti ya kumpa ruhusa. Chungwa lenyewe, la kumenya, ni bora kuliko zote mbili.

Juisi ya kuchanganya na maji, ile ya kwenye sherehe, ina mtego wake. Lebo nyingi huhesabu sukari baada ya kuchanganywa, tuseme sehemu moja ya juisi kwa maji sehemu nne. Wakinamama wanaopika kwenye harusi hawachanganyi hivyo. Wageni wakisema juisi ni maji, wanaongeza. Ukichanganya moja kwa mbili, sukari ya kwenye glasi si ile ya kwenye lebo tena: imepanda karibu mara moja na theluthi mbili. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha chupa mbili za aina hii, tazama kwanza zinataka maji kiasi gani.

Pale gramu 100 nayo inapopotosha

Nimeisifu sana safu ya gramu 100, na soda inaonyesha udhaifu wake. Waingereza wana taa za rangi kwenye vifungashio, na nimeziazima kama rula. Kwa chakula cha gramu 100, sukari zaidi ya gramu 22.5 ni nyekundu, na isiyozidi 5 ni kijani. Chumvi zaidi ya gramu 1.5 ni nyekundu, isiyozidi 0.3 ni kijani. Mafuta, nyekundu huanza juu ya 17.5 na kijani huishia 3. Kwa kinywaji, sukari inakuwa nyekundu ikizidi 11.25 kwa mililita 100. Angalia: soda ya 10.6 inaponea hapo kwa tundu la sindano. Ndiyo maana wakaweka sharti la pili: mgawo wa kinywaji ukizidi mililita 150 na sukari yake ikazidi gramu 13.5, taa ni nyekundu hata kama safu ya 100 imesalimika. Yaani hata waliojenga mfumo wao juu ya 100 waliona lazima waulize mtu anakunywa kiasi gani.

Upande wa pili, gramu 100 inavionea vitu vinavyoliwa kidogo. Kipande kimoja cha kiungo cha supu, kile cha mchemraba, karibu nusu ya uzito wake ni chumvi, wakati mwingine zaidi. Kwa gramu 100 namba inatisha, lakini hakuna anayekula gramu 100. Hapo hesabu ya haki ni sufuria: umetia vipande vingapi kwenye mchuzi wa binyebwa, yaani wa karanga, na wangapi wameula? Kipande cha gramu 4 kwa watu wanne ni karibu nusu gramu ya chumvi kwa kila mtu, kabla hujatia chumvi yenyewe. Vitatu ni habari nyingine.

Tambi za pakiti

Hizi wanafunzi wa Makerere na Kyambogo wanazijua kuliko mimi. Lebo za Kimarekani kwa miaka mingi zilihesabu nusu ya tambi kuwa mgawo, na tambi zenyewe ni kipande kimoja kigumu unachokitumbukiza chote kwenye sufuria. Kwa mfano, pakiti ya gramu 85 inaandika mgawo gramu 43, sodiamu miligramu 800. Pakiti ya gramu 70 ya desturi ya Ulaya inaandika chumvi gramu 4.2 kwa gramu 100. Sodiamu si chumvi. Ili kupata chumvi zidisha kwa 2.5. Ya kwanza: pakiti nzima sodiamu 1,600, chumvi gramu 4. Ya pili: chumvi karibu gramu 3. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 kwa siku nzima. Nachukua ya pili, na natia nusu tu ya kile kipakiti cha viungo, kwa sababu ndimo sehemu kubwa ya chumvi ilimo.

Karanga

Siagi ya karanga ya chupa huhesabiwa kwa vijiko viwili vya chakula, gramu 32, kama kalori 190. Vijiko hivyo ni vya kusawazisha kwa kisu. Kijiko changu kimoja, nilivyokichota kwa kawaida, kilikuwa gramu 29 peke yake. Karanga ni chakula kizuri na siwezi kumnyima Mama, ila nachagua kwa orodha ya viungo kuliko kwa mgawo: chupa iliyoandikwa karanga na chumvi inaishinda iliyoongezwa sukari na mafuta mengine. Odii, siagi ya karanga na ufuta ya kutoka kwetu kaskazini, haina lebo, lakini ukimwona anayeisaga unajua kilichomo.

Vipakiti vidogo

Kuna jambo moja ambalo duka la mtaani linatushinda sote kwa ukweli. Kipakiti kidogo cha biskuti au cha krispi, cha kumaliza umesimama, mgawo wake ni kipakiti kizima. Namba unayoisoma ndiyo unayoila. Ubaya wake uko kwenye pesa: kwa kila gramu unalipa zaidi kuliko pakiti kubwa, na ukinunua vitatu umerudi palepale. Kwa nyumba yenye mtu wa sukari bado naona gharama hiyo inalipa, kwa vitafunwa peke yake. Unga, mchele, maharage na maziwa nanunua vingi. Biskuti nanunua vipakiti, na nimemwachia Mama achague ladha.

Zile pakiti kubwa zinazoingia ndani hata hivyo, kwa sababu wageni huja nazo, nazishika kabla hazijafika kabatini. Nachukua kalamu ya wino mnene, napiga hesabu ya pakiti nzima, naandika mbele kwa tarakimu kubwa: sukari 36, au chumvi 4. Juzi Mama alitoa moja kabatini, akainua miwani, akaisoma, akahesabu biskuti tatu kwenye sahani na kuifunga iliyobaki kwa mpira wa kufungia mifuko ya plastiki.